Mfuko wa Kauri Hadi Nadapal

Harufu ilianza tulipovuka daraja la Kainuk. Tangu tutoke Kitale alfajiri, basi lilikuwa likinuka mambo ya kawaida ya basi: mandazi, jasho, na mtoto aliyetapika kwenye kona za Marich. Kisha tukaingia Turkana, jua likaingia nasi kwa kila dirisha, na kitu kikaamka ndani ya mkoba wangu. Mama aliyekaa mbele akaziba pua kwa ncha ya kitambaa. Kijana wa kiti cha nyuma akauliza kwa sauti ni nani aliyebeba samaki. Makanga akapita akiinama chini ya viti, akanyanyua gunia la vitunguu la mtu asiye na hatia, akalinusa, akalirudisha. Mimi nikatazama nje kama mtu aliyependezwa sana na miiba.

Nilijua ni mimi. Mimi ni mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, baba yangu mzamiaji wa kamba mawe, na harufu ya kauri iliyofiwa na mwenyewe naijua kama ninavyojua udi. Kauri, kwa msomaji aliyeiona kwenye shanga za dukani tu, ni nyumba ya mnyama laini wa jamii ya konokono. Ukimwokota mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mpaka mwisho, unamfukia mchangani wiki tatu au nne. Sisimizi wanamla mpaka gamba linabaki tupu, ndipo unaosha. Zangu nilizifukia siku nane. Nilikuwa na haraka ya safari, nikazisugua kwa sabuni nikajidanganya kwamba yatosha. Nusu kilo ya kauri, na ndani yake angalau mmoja alikuwa bado yumo nyumbani mwake.

Mfuko huo wa kauri ulikuwa na sababu. Mdogo wangu ni muuguzi Kakuma, na kwenye simu aliniambia: "Dada, huku wanawake wanashona kauri kwenye ngozi. Ukija usije mikono mitupu." Nikaona nimepata zawadi ya ajabu: nitawapelekea watu wa jangwa kitu ambacho hawajui kinatoka wapi. Shangazi yangu, anayeshona kofia za vito, akaongeza dondo lake la zamani, ile kauri kubwa yenye madoa ambayo mafundi wa kofia huisugulia mshono ukalala. Dondo hilo lilikuwa limeshika jasho la mkono wake miaka mingi kiasi kwamba upande mmoja limefubaa.

Na jina Nadapal nilikuwa nalo kichwani kabla ya hapo. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walipokuja Lamu kuzindua bandari na ile njia ya LAPSSET, sisi tulielezwa kwamba barabara itatoka kwetu ivuke nchi nzima, ipite Turkana, itokee Sudan Kusini. Niliitafuta kwenye ramani. Barabara ya Kitale inapanda na kupanda, Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, halafu kabla ya mpaka pana jina moja dogo: Nadapal. Nikasema siku moja nitakwenda kuona ncha ya pili ya kamba tuliyofungwa nayo.

Safari ya Lamu hadi Kitale sitaisimulia. Ni mashua, mabasi matatu, na usingizi mbaya.

Lokichar tulisimama kunywa strungi. Wenzangu walikuwa wakizungumzia visima vya mafuta, lakini mimi akili yangu ilikuwa kwa nyangumi. Upande huo, mahali panapoitwa Loperot, mwaka 1964 mtafiti kutoka Marekani alichimbua mabaki ya nyangumi mwenye mdomo mrefu. Yalipelekwa Marekani, yakapotea kabatini miaka mingi, yakaonekana tena mwaka 2011, na yalipopimwa yakakutwa na umri wa miaka milioni 17. Kutoka Loperot hadi bahari ya leo ni kilomita 740, na ardhi yenyewe iko mita 620 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu walioandika habari zake mwaka 2015 wanasema nyangumi yule aliingia mtoni kutoka Bahari ya Hindi, akapanda, akapotea, zama ambazo nchi hii ilikuwa bado chini na tambarare. Milima ya Kenya iliinuka baadaye.

Nilimsimulia hayo mzee aliyekaa karibu nami, Mturkana mwenye kofia ya manyoya na fimbo kati ya magoti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Samaki mkubwa hivyo. Alikuwa anatafuta nini huku?"

"Alipotea njia, mzee."

"Basi hata wewe," akasema, "unanuka kama yeye."

Hakumwambia mtu mwingine. Tulipopanda tena basi alibadilishana kiti nami, akanikalisha dirishani.

Lodwar tuliingia jua likizama, na joto halikuzama nalo. Kwetu joto lina umande, linakuvaa kama nguo iliyoloa. La Lodwar ni kavu, linakukausha midomo kabla hujajua una kiu. Kwenye nyumba ya wageni niliomba beseni na maji. Mhudumu akaleta mtungi wa lita ishirini na kuuweka chini taratibu, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala. Nilianza kumimina kwa ukarimu wa mtu aliyekulia kisimani, nikamwona anavyonitazama, nikapunguza. Nikazimwaga kauri zote kwenye beseni, nikazitikisa, nikazinusa moja moja.

"Unaosha mifupa?" akauliza.

Nilimwonyesha. Akachukua moja, akaigeuza, akasema mama yake anazo kama hizo kwenye ngozi ya harusi, lakini zake si hivi. Sikumuuliza tofauti ni nini. Nilikuwa bado mtu wa kufundisha, sijawa mtu wa kuuliza. Niliipata moja yenye kutu nyeusi mdomoni, nikaitupa nje ya ukuta, nikalala nikiamini nimemaliza kazi.

Asubuhi nilikwenda Mto Turkwel na nikajikuta nyumbani. Mikoma! Mto mzima umepangwa mikoma, ile ile yetu ya miaa na makoma, na chini yake wanawake wanasuka vikapu kwa mkono ule ule wa wanawake wa Matondoni, isipokuwa wao wanaanza kutoka kitovu cha kikapu wakizunguka nje, mzunguko juu ya mzunguko, kama konokono anavyojenga. Mti wa mswaki nao upo, wanauita esekon, na matawi yake yanauzwa sokoni kwa mafungu kama Lamu siku ya Ijumaa. Nilinunua fungu moja kwa furaha tu ya kununua.

Siku ya tatu nilifanya mchepuko. Mtu wa pwani hawezi kuwa mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita 250 asiende kulitazama. Probox ilitupakia watu tisa mpaka Kalokol, na njiani dereva akatuonyesha mawe yaliyosimamishwa wima ambayo Waturkana husema yalikuwa watu wakageuzwa mawe. Kisha bodaboda, kisha mchanga, kisha maji yale, ya kijani kama shaba ya zamani, yenye mawimbi na upepo na mashua.

Waturkana huliita anam. Nilivua viatu. Nikachota, nikaonja: si maji ya chumvi, si maji baridi, ni kama maji aliyoyatia mtu magadi akasahau kupika. Ziwa hili halina pa kutokea. Mto Omo unaingiza, jua linatoa, na chumvi yote inabaki. Nikakaa chini kusubiri. Baada ya muda kijana mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu akaniuliza nasubiri nini.

"Maji hupwa saa ngapi hapa?"

Alinitazama kama niliyemuuliza ziwa hufunga duka saa ngapi. "Yakikauka yanakauka miaka," akasema. "Yakirudi yanarudi miaka." Mimi niliyelelewa na mwezi, ninayeweza kukuambia maji yamefika wapi kwa kutazama kivuli cha ukuta, nilihisi kizunguzungu kidogo.

Lakini makombe yalikuwepo. Kwenye ukingo wa maji nilikuta konokono wadogo wembamba, wamesokotwa kama parafujo, weupe, wengi mno, wakilia chini ya nyayo kama sukari. Yule kijana alipoona ninaokota, akanichukua mbali na maji, mwendo mrefu wa juani, mpaka kwenye ukingo wa udongo uliokatwa na mafuriko. Ndani ya udongo mmejazana magamba makubwa, mazito, yenye matabaka na mikunjo, yameshikana moja kwa jingine. Nikapiga kelele. Ni chaza! Mimi ninawajua chaza kwa makovu ya nyayo zangu. Kwetu wameshika kwenye mizizi ya mikoko na kwenye mawe, ukiteleza wanakukata kama wembe.

Baadaye mdogo wangu, aliye na subira ya kusoma, alinisaidia kuielewa habari hii. Yule ni chaza wa maji baridi, ndugu wa mbali wa chaza wetu lakini kwa tabia ni pacha wake: hujigandisha kwenye mwamba au kwenye gamba la mwenzake asitoke tena. Yuko hai mpaka leo katika Mto Nile na mito mingine ya Afrika. Hapa Turkana alistawi enzi za mvua kubwa. Miaka kama 10,000 iliyopita ziwa lilikuwa juu kuliko leo kwa mita 80 hadi 100, likafurika upande wa kaskazini magharibi, likapita kwenye uwanda wa Lotikipi na kumwagikia Nile. Hata zamani zaidi ya hapo, karibu miaka milioni 2 iliyopita, taa wenye mwiba waliishi humu, na mifupa yao imepatikana. Walipanda kwa mto uliokuwa ukienda Bahari ya Hindi. Na wale konokono wadogo niliowaponda kwa kisigino, mababu zao waliochimbuliwa upande wa mashariki ya ziwa waligombanisha wasomi. Mwaka 1981 Peter Williamson aliandika kwamba konokono wa Turkana walikaa bila kubadilika muda mrefu sana, kisha wakabadilika kwa ghafla, na mjadala wa jinsi viumbe wanavyogeuka ukapata moto mpya. Kwetu konokono hajawahi kumgombanisha mtu isipokuwa wapishi.

Nilirudi Lodwar kimya. Nusu kilo yangu ya kauri ilianza kuonekana kidogo.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita kama 120. Kitu nilichokipenda kuliko vyote katika njia hiyo ni vichuguu. Kwetu kichuguu ni tuta. Huku mchwa wamesimamisha minara, mirefu kumpita mtu, myembamba, mingine imeinama, na tambarare lote limejaa hiyo minara kama makaburi ya nguzo ya Takwa na Siyu yaliyozaana bila kipimo. Katikati yake ngamia wanakula majani ya juu bila haraka. Laga tulizivuka nyingi, mito ya mchanga mtupu yenye alama ya maji kwenye shina za miti. Ni kupwa na kujaa kwa aina yake, ila hakuna kalenda ya mwezi ya kukuonya.

Kakuma ilianza kuwa kambi mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, ni watu zaidi ya 200,000 na lugha nisizoweza kuzihesabu. Mimi nilitarajia huzuni tupu. Nilikuta pia soko. Kahawa ya Kihabeshi kwenye vikombe vidogo, sambusa za Kisomali, redio za Juba, kinyozi wa Burundi. Mdogo wangu akanipeleka moja kwa moja kwenye duka la shanga, nadhani kwa uchokozi.

Mwenye duka, mama wa Kisomali, alifungua gunia la nailoni. Kauri. Kilo kwa kilo. "Kutoka Mombasa," akasema. Kisha akafungua la pili, kauri nyingine, zimelingana mno, zinang'aa mno. "Hizi ni plastiki. Bei nafuu." Alinionyesha jinsi ya kutofautisha: unaiweka shavuni, ya kweli ni baridi. Mimi niliyesafiri karibu nchi nzima na gunia langu dogo linalonuka nilibaki nimeshika kauri shavuni, mdogo wangu akicheka mpaka akakaa chini.

Alinionea huruma mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa akichagua uzi. Mbembe wa Fizi, Kiswahili chake kina ladha ya ng'ambo ya Tanganyika. "Mama, hizi sisi tunashona ku kofia ya wazee ya Bwami," akaniambia. "Si kila mtu anavaa." Nikatoa dondo la shangazi, nikamweleza kwamba kwetu ndilo linalolaza mshono wa kofia. Alilishika kwa mikono miwili. Tukakubaliana kwamba kauri na kofia vina mambo yao. Kijana fundi cherehani, Mganda, akadakia bila kuinua kichwa: "Kwetu pesa zote ni ensimbi." Nikakumbuka bibi yangu akiziita kauri simbi, na kwamba Waganda walizihesabu kwa kamba sokoni kabla ya rupia na shilingi. Jina la pesa ya Ghana, cedi, nalo ni kauri hiyo hiyo kwa Kiakan. Na nyingi za Afrika Magharibi ya karne ya 19 zilitoka kwetu: miaka ya 1840 na 1850 wafanyabiashara wa Hamburg, nyumba ya O'Swald miongoni mwao, walijaza merikebu Unguja kwa kauri zetu zenye pete ya manjano mgongoni na kuzipeleka huko kununulia mafuta ya mawese. Walimwaga nyingi mno mpaka zikashuka thamani. Nimewahi kuona mtu akimwaga maji mengi kwenye mchuzi namna hiyo.

Siku ya sita tukaenda Nadapal. Mwenzake mdogo wangu kazini, binti wa Kiturkana, alikuwa akimpelekea nyanya yake dawa na unga, akatukubalia tumfuate. Kakuma hadi Lokichoggio ni kilomita kama 95. Loki ina uwanja wa ndege mkubwa usiolingana na mji, kwa sababu tangu mwaka 1989 ndege za misaada ya Sudan zilipaa hapo usiku na mchana. Sasa mbuzi wanavuka pembeni yake bila kutazama juu. Kulia kwetu, mbali, uwanda wa Lotikipi ulilala chini ya ukungu wa joto. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini yake pana hazina kubwa ya maji. Vipimo vya baadaye vikaonyesha yana chumvi nyingi. Nilipoambiwa nilijikuta nikicheka, halafu nikaona aibu, maana aliyeniambia ana dada zake wanaochota maji kwa mwendo wa nusu siku.

Kutoka Loki hadi mpakani ni kama kilomita 30, na ni njia ambayo watu hawaipigi kwa matembezi. Kuna ugomvi wa mifugo kati ya Waturkana na Watoposa, na ugomvi wa serikali mbili juu ya mpaka uko wapi. Tulikwenda nyuma ya malori, askari wakiwemo, na tukaambiwa turudi kabla ya alasiri. Nadapal yenyewe ni vumbi, vilima, vibanda, malori yanayosubiri karatasi, na miti yenye kivuli kizito ambayo binti aliniambia ndiyo iliyotoa jina: edapal ni mti, Nadapal ni mahali pake. Hakuna lango wala bendera kubwa niliyoitarajia kwa mwisho wa nchi. Niligeuka nyuma kutazama barabara ikipotea kuelekea kusini, nikafikiria mwambao wa Kizingitini ulio upande wa pili wa nchi, nikaona kiu.

Nyanya alikuwa amekaa chini ya mti na wajukuu wawili. Shanga zimempanda kutoka mabegani hadi kidevuni. Nikainama kwa adabu zetu:

"Shikamoo, bibi."

Binti akaangua kicheko. Huku bara, bibi ni mke. Alipomtafsiria, kikongwe akanitazama juu hadi chini na kujibu kwamba yeye alishaolewa, kwa ng'ombe wengi ambao mimi sionekani kuwa nao.

Nilipoomba kuona ngozi yake hakukataa. Ilikuwa ya mbuzi, nyekundu kwa mafuta na udongo, ukingo wake umepambwa kwa shanga nyeupe za gamba la yai la mbuni, ndogo, sawasawa, mamia. Juu yake mistari miwili ya kauri, za manjano kama meno ya mtu aliyekula miaka mingi. Alizipata kwa mama yake. Mama yake alizipata kwa nani, hajui. Nilifikiria wale wapagazi wa Unguja na Pangani waliopita pande hizi na misafara ya pembe, mizigo ya shanga kichwani, nikatamani kudai ukoo.

Nikamwekea mkononi kauri zangu. Akachukua moja, akaigeuza, akaidondosha. Akaiokota tena, akaigeuza mara ya pili, akasema neno kwa mshangao.

"Anasema ina mgongo," binti akatafsiri.

Ndipo nilipoielewa ile kauli ya mhudumu wa Lodwar. Kauri zote za ngozi ile, na za mama zake, zilikuwa zimesagwa mgongo ili zilale bapa na uzi upite. Kwa miaka yake yote bikizee huyu alijua upande wa tumbo tu, ule ufa wenye meno. Hajapata kuiona nzima. Aliupitisha ukucha kwenye ile pete ya manjano, akaupitisha tena.

Akauliza inachimbwa wapi. Nikasema haichimbwi, ni nyumba ya mnyama. Akasema nyumba hii haina mlango wa mnyama kuingia. Alikuwa sahihi, na hapo nikavua leso yangu.

Nilikunja ngumi. Ngumi ni gamba, nikasema. Nikaitandaza leso chini ya ngumi, nikapandisha pindo zake pande zote mbili mpaka zikakutana juu. Hii leso ndiyo nyama ya mnyama mwenyewe. Usiku anapotoka kula mwani, huitoa kupitia ule ufa na kujifunika nyumba yake yote kwa nje, na ngozi hiyo ndiyo inayoijenga na kuing'arisha, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo sababu kauri inang'aa bila kupakwa mafuta. Nikashusha leso: ukimgusa, anairudisha ndani. Akiwa mdogo gamba lake ni jembamba, mdomo uko wazi kama wa konokono yeyote; akikua anaukunja mdomo kwa ndani, anaota meno, haongezeki tena ukubwa, anakuwa mnene wa gamba tu. Na jike hukaa juu ya mayai yake mpaka yaanguliwe.

"Kama mbuni," akasema nyanya.

Kama mbuni. Nikamwambia na gamba lenyewe ni kitu kimoja na gamba la yai la mbuni, ni chokaa, na kwetu chokaa hiyo hiyo tunaichoma kutoka kwenye matumbawe tukajengea nyumba. Hilo halikumshughulisha. Alikuwa na maswali ya maana zaidi. Mnyama huyo ana maziwa? Hana. Nyama yake inaliwa? Sisi hatuli. Basi ni wa nani?

"Hana mwenyewe," nikasema. "Yumo baharini tu."

Binti alitafsiri, nyanya akamrudishia swali, binti akanigeukia: anauliza, wanyama wengi hivyo, wenye thamani hivyo, na hakuna anayewachunga, wala anayekuja kuwaiba usiku? Askari aliyekuwa akisikiliza kwa mbali alicheka peke yake. Nilianza kueleza hifadhi za bahari, ambamo kuokota makombe ni marufuku na askari wa wanyamapori hupita kwa boti. Akatikisa kichwa kwa kuridhika: basi wana mwenyewe.

Kisha akaanza kuzichagua, hizi huku, hizi kule, moja akaikaribisha puani. Akanusa. Akanusa tena, akaitenga, akasema maneno mafupi.

"Hii," binti akasema, akijizuia kucheka, "mwenyewe bado yumo."

Kumbe niliyoitupa Lodwar haikuwa yenye kosa. Nyanya hakukasirika. Kwake lilikuwa jambo la ngozi tu, ngozi iliyotolewa kabla haijaiva. Alimwita mjukuu mkubwa, akamwonyesha kwa kidevu tundu la sisimizi karibu na shina la mti, na mtoto akachimba kwa kijiti kina cha kiganja. Nikaiweka mwenyewe, mdomo ukitazama chini, jinsi tunavyoziweka kwetu, ili maji yatoke. Nyanya akauliza itachukua siku ngapi. Nikasema wiki tatu au nne. Akasema huku sisimizi wana njaa, mbili zitatosha.

Lori la mbele yetu likapiga honi. Dondo la shangazi, lililokuwa kati ya kauri zile, nilimwachia nyanya. Alikuwa amelikalia, na sikuthubutu kumwondoa.